Mama Ndoo Mbili alivyotafuta meno ya mpinzani wake

Jua bado halijafika kwenye mabati ya banda, na mkono wake wa kulia umezama hadi kwenye kiwiko ndani ya rundo la maganda, majani na mabaki ya chakula. Anautuliza humo kidogo, kisha anautoa ukifuka mvuke.

"Limechemka vizuri," anasema, akijipangusa kwenye aproni. "Rundo likipoa, ujue kuna mtu katuletea plastiki, au sisi wenyewe tumesahau kuligeuza. Hili halina neno."

Mtaani anaitwa Mama Ndoo Mbili. Kila mlango anaogonga swali lake ni lile lile: ndoo mbili ziko wapi? Moja ni ya vinavyooza, ya pili ni ya visivyooza. Anayempa ndoo moja yenye mchanganyiko hurudishiwa ikiwa imejaa vile vile, pamoja na salamu za asubuhi.

Miaka ya nyuma taka za mtaa huu zilisafiri na lori la halmashauri hadi jalala kuu nje ya mji. Lori lilikuja bila taarifa, na lisipokuja halikuomba radhi. Jalala lilipofurika, halmashauri ikakata shauri kwamba kila mtaa ushughulikie taka zake hapo hapo. Ungejengewa banda dogo na wakazi wake wangeajiriwa humo. Vinavyooza vingegeuzwa mboji, plastiki na vyuma vingeuzwa, na masalio machache tu ndiyo yangepanda lori.

Mpango huo ulimpendeza kila mtu mpaka siku ilipojulikana banda litajengwa wapi.

"Wote walilitaka banda," anasema. "Ila walilitaka mlangoni kwa mwenzao."

Likajengwa kwenye kiwanja cha wazi, mkabala na dirisha la chumba cha mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo ni mshonaji mstaafu wa sare za shule, mwenye sauti ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti. Alikusanya akina mama wa mtaa, wakaja kuandamana mbele ya banda huku wameziba pua kwa leso.

"Taka zilikuwa hazijaanza kuletwa," anakumbuka Mama Ndoo Mbili. "Sakafu ilikuwa bado mbichi. Waliziba pua kwa ajili ya saruji."

Mwenyekiti wa mtaa alituliza mambo kwa kuahidi kwamba banda lingefanya kazi kwa majaribio hadi mvua ziishe, kisha mkutano wa wakazi ungeamua libaki au livunjwe. Watu wanne walikuwa wamepata ajira humo, na Mama Ndoo Mbili, aliyekuwa amekaa bila kazi tangu kiwanda cha sabuni kifungwe, ndiye aliyekuwa msimamizi wao. Kazi yake sasa ilikuwa mikononi mwa mkutano, na msemaji mkuu wa upinzani alikuwa mama wa mume wake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nyumbani, mume wake, fundi wa redio, alikataa katakata kuulizwa yuko upande gani. "Mmoja alinizaa, mwingine ananipikia," anasema. "Mtu mwenye akili hapo anatengeneza redio."

Mama mkwe hakukubali kutenga taka. Ndoo yake ilikuwa moja, na kila kitu kiliingia humo. Ndiyo ndoo pekee ya mchanganyiko ambayo Mama Ndoo Mbili aliipokea, akaichambua mwenyewe kimyakimya. "Ningefanyaje? Ni mama yangu. Na alikuwa akisimama dirishani kuangalia kama nitakunja uso."

Asubuhi ya mkutano, kina mama wakipanga viti uwanjani, mama mkwe aliingia bandani kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameufunika mdomo kwa upande wa mtandio. Alisema jambo ambalo halikueleweka, akalirudia, bado halikueleweka.

Msukuma mkokoteni wa banda, ambaye wote humwita Kepteni, alijaribu kusaidia. "Nadhani anasema amepoteza maneno."

"Meno," alisema mama mkwe, akishusha mtandio kidogo na kuupandisha haraka.

Ilikuwa hivi. Wakati wa kifungua kinywa aliyatoa meno yake ya bandia ya juu, akayafunga kwenye karatasi laini na kuyaweka kando ya sahani. Alipomaliza, akakumba vyote ndani ya ndoo yake moja. Kepteni akapita kuichukua, akaimwaga kwenye meza ya kuchambulia pamoja na za majirani.

Kepteni alimvuta msimamizi wake pembeni. "Dada, mimi sisemi kitu," alinong'ona. "Ila meno yakikosekana, hotuba hakuna. Hotuba ikikosekana, banda limebaki. Hatujamkosea mtu."

Mama Ndoo Mbili anakiri kwamba wazo hilo halikupita mbio. "Lilikaa, likaomba na kiti," anasema. "Lakini nilimwangalia amesimama pale, ameshika mtandio kwa mikono miwili, hathubutu kutoka nje. Mtu aliyenipokea nyumbani kwake nikiwa sijui hata kukunja shuka. Nikavaa glavu."

Meza ilikuwa na vilima vya taka kutoka nyumba nyingi, kwa hiyo ilibidi kwanza kukitambua cha kwake.

"Mama, ndani ya ndoo yako kulikuwa na nini?"

"Majani ya chai. Maganda ya mayai." Akauvuta mtandio juu zaidi. "Na keki."

"Keki? Si daktari alikukataza sukari?"

"Wewe tafuta meno."

Wakatafuta, kilima baada ya kilima, Kepteni akiguna kila akikuta karatasi tupu. Mwishowe Mama Ndoo Mbili akafungua kifungu kilicholowa chai, na meno yakamkenulia. Aliyaosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, mama mkwe akimsimamia begani: "Yasiwe ya moto, yatapinda." Kisha mama mkwe akageukia ukuta, akayavaa, akaondoka bila kuaga.

"Kepteni alianza kukusanya vitu vyake," anasema Mama Ndoo Mbili. "Mimi nikamwambia asubiri, angalau tufukuzwe rasmi."

Uwanjani, mwenyekiti alimkaribisha mama mkwe azungumze kwanza. Alisimama, akatazama watu wote mpaka wakatulia.

"Leo nimekwenda kulikagua banda," alisema. "Nimeingia ndani mwenyewe, na pua yangu mwenyewe. Harufu ipo, nisiwadanganye. Lakini soksi za marehemu mume wangu zilizidi, na nilizivumilia maisha."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Lile lori la zamani, ukitupa kitu chako kwa bahati mbaya, ndiyo buriani. Hapa unakwenda, unaulizwa vizuri, unatafutiwa. Tuseme mtu amepoteza kijiko."

"Kijiko," alirudia Kepteni kwa sauti ya chini, akitazama viatu vyake.

Mama mkwe akatoa masharti mawili. Mashine ya kukatakata majani isiungurume mchana yeye akiwa amelala, na mbele ya dirisha lake ipandwe miti. Mikono ikanyooshwa, banda likapita.

Alipoulizwa kama kisa hiki kiandikwe gazetini, mama mkwe alifikiri kidogo. "Andika tu, mtaa mzima unajua. Ila andika kwamba keki ilikuwa ndogo."

Sasa halmashauri inajenga banda la pili katika mtaa wa ng'ambo ya barabara kuu, na imemwomba Mama Ndoo Mbili akawafundishe wafanyakazi wake. Huko nako wakazi wameshaanza kunung'unika. Yeye ana mipango mikubwa zaidi. Anataka mitaa yote ya mji iwe na mabanda yake, na jalala kuu lifunikwe udongo, lioteshwe nyasi, watoto wachezee mpira.

Kinachomtisha ni kuzungumza mbele ya watu, kwa hiyo amemwomba mama mkwe wafuatane. Amekubali, kwa sharti kwamba atapewa kiti chenye mgongo na atazungumza kwanza.

"Na mimi?" Mama Ndoo Mbili alimuuliza.

"Wewe utakuja nyuma yangu," alijibiwa, "uwaeleze hizo habari za ndoo."