Wimbo wa Kumngojea Mwimbaji

Watu wa Isiolo wakinikuta huniuliza wimbo wetu hasa ulikuwa upi, na wengi hujijibu kabla sijafungua mdomo. "Kizuizi," wanasema. Halafu wanauimba pale pale barabarani, tena vibaya, wakiruka maneno wasiyoyakumbuka. Huwaacha wamalize. Nilipiga gitaa la besi katika bendi ile tangu siku ilipozaliwa hadi siku ilipokufa, na kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuchagua wimbo mmoja wa kuiwakilisha, ni mimi. Lakini uliochaguliwa sikuuchagua mimi, na aliyesababisha hayo alikuwa mtu nisiyempenda.

Niliseme hilo mapema ili tusipotezeane muda. Siku hizi watu hupenda kusikia kwamba wanabendi walikuwa ndugu, walikula sahani moja. Sisi tulikula sahani moja kwa sababu sahani ilikuwa moja. Mimi natoka katika familia ya Kisomali, ya askari wa zamani. Babu yangu aliletwa na Waingereza akiwa na bunduki begani, vita vilipokwisha akaachwa Isiolo apige hema, na baba yangu baadaye akawa mtu wa malori. Mwimbaji wetu alikuwa Mborana wa mtaa wa Bulla Pesa, mtoto wa mfanyabiashara wa ng'ombe, mwenye sauti ya kung'oa mabati na majivuno ya kujaza uwanja. Magitaa niliyanunua mimi. Lori lilikuwa la baba yangu, na jenereta pia. Matangazo yalipobandikwa ukutani, picha ilikuwa yake.

Tulianza mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukiwa vijana wa suruali za bugaluu na nywele za kuchanwa juu, tukipiga roki. Wazee walisema ni kelele, nao hawakukosea. Amplifaya zetu zilikohoa, na upepo wa Isiolo ulipoamka mchana ulituletea mchanga hadi ndani ya spika. Lakini tulipiga kwa Kiswahili na Kiborana, mambo ya huku kwetu, na watu walitufuata hadi Kinna na Gotu kutusikiliza. "Kizuizi" ulihusu lile geti la barabarani ambapo kila msafiri alisimamishwa na kuulizwa anatoka wapi na anakwenda wapi. Enzi hizo bibi akipanda lori kwenda Nanyuki alikuaga kwa kusema anaenda Kenya, kana kwamba sisi wa kaskazini hatumo, na hakuna aliyecheka. Mwimbaji alipofika pale pa "Askari fungua, Kenya iko upande gani?" uwanja mzima ulimjibu kwa kunyoosha vidole kusini. Ulikuwa wimbo mzuri. Sina chuki na wimbo.

Chuki yangu ilikuwa na kuchelewa kwake. Mtu yule hakuwahi kufika kwa wakati hata mara moja. Watu wamejaa, jenereta inakula mafuta ya baba yangu, na yeye yuko kwa kinyozi, au ananyoosha shati, au amekaa tu mahali anangoja angojwe. Watu walipoanza kupiga miluzi ilinibidi nifanye kitu. Nikaanza kupiga besi peke yangu, mpiga drams akanifuata, kisha gitaa la solo likaingia. Hapakuwa na maneno, maana mwenye maneno hakuwepo. Siku ya kwanza tulipiga hivyo kwa hasira. Kufikia mwaka wa pili tulikuwa tukiupiga wimbo huo kila mahali, ukirefuka kadiri yeye alivyochelewa, na watu wakaupa jina: ile ya kungojea. Niliuchukia kuliko nyimbo zote, kwa sababu kila mara nilipoupiga nilikuwa nimesimama mbele ya umati nikimsubiri yeye.

Katikati ya miaka ya themanini alikwenda Makka, akarudi Haji. Akatubu, akaacha muziki, na hapo sina neno. Toba ya mtu ni yake na Mola wake. Ila kaseti zetu zote, za kila tulichowahi kurekodi, zilikuwa kwake ndani ya sanduku la bati, kwa kuwa nyumba yake haikuwa na watoto wa kuziharibu. Asubuhi moja nilisikia harufu ya plastiki ikiungua nikaifuata hadi uani kwake. Alikuwa amesimama na kanzu nyeupe, amewaita majirani washuhudie, anakoroga moto kwa kijiti.

"Unachoma nini?" nikamuuliza.

"Nachoma dhambi yangu."

"Na mimi je? Si mimi nilikuwa napiga hapo ndani miaka yote hiyo?"

"Yako pia imeungua," akasema kwa upole. "Unafaa unishukuru."

Upole ule ndio uliniua. Angenitukana tungemalizana hapo hapo. Tangu siku hiyo niliacha kumjibu salaam. Alinisalimia msikitini, alinisalimia sokoni, alinisalimia mbele ya wakwe zangu, nami niligeuza uso. Mama yangu alinionya kwamba salaam ni deni, asiyeijibu ana dhambi. Nikamwambia mbona tumefundishwa kwamba binadamu asipoijibu, malaika hujibu. Basi malaika wafanye kazi yao.

Mwaka mmoja au miwili baadaye akaja mtu wa redio kutoka Nairobi na mashine ya kunakili kaseti. Alikuwa akizunguka kukusanya nyimbo za bendi za mikoani kwa ajili ya kipindi, na kila bendi ilipewa nafasi moja: wimbo mmoja tu, ule unaoonyesha walikuwa watu gani. Alinikuta dukani kwangu, ambako nilikuwa nikichaji betri na kuziba matairi. Akasema atapita kuuchukua akitoka Marsabit.

Sasa, kulikuwa na kaseti moja ambayo Haji hakuifikia. Ilikuwa imebaki ndani ya lori la baba, dereva aliipenda akaificha. Tulirekodi wenyewe kule Kinna siku ya soko, redio kaseti ikiwa juu ya pipa. Hiyo ndiyo ilikuwa imebaki ya bendi nzima, miaka yetu yote. Kama wimbo wetu ungepita redioni mara moja, nchi ingejua kwamba tulikuwapo. Usipopita, tulikuwa moshi wa plastiki. Nikaamua "Kizuizi" utakwenda, Haji apende asipende. Mpiga drams, ambaye sasa alikuwa dereva wa lori la maziwa, akaniunga mkono. "Bila hiyo nani atatujua?" akasema.

Isiolo haina siri. Haji alifika dukani siku iliyofuata.

"Salaam aleikum."

Niliendelea na tairi.

"Nasikia iko kaseti moja imebaki."

"Umesikia vizuri."

"Ndugu yangu, hiyo sauti ni yangu. Kila mtu akiisikia, mimi naandikiwa dhambi. Hata nikiwa kaburini. Mimi nimelala huko siwezi kufanya kitu, na wewe uko hapa unacheza hiyo kaseti, na kalamu inaandika tu. Nakuomba, ifute."

Nilimtazama. Alikuwa na hofu ya kweli, midomo ilimkauka. Mtu mwema angemhurumia. Mimi nilifikiria ule moto uani kwake.

"Hiyo kalamu ungeifikiria wakati ulikuwa unanunua bugaluu," nikamwambia. "Hii haifutwi. Na ile ya 'Kizuizi' inaenda redio."

Hakubishana. Alikwenda kwa mama yangu, jambo ambalo lilikuwa la hila, maana alijua nitamkatalia kila mtu ila mama. Nilipoitwa nyumbani nilimkuta ameketi mkekani na chai ya maziwa ya ngamia mkononi, mpiga drams kando yake, mama juu ya kigoda chake.

"Warya," mama akaniita kwa Kisomali, "huyu amenieleza. Wewe unataka nini?"

"Hooyo, nataka wimbo wetu usikike. Alichoma kila kitu bila kuuliza mtu."

"Hapo alikosea," mama akasema, na Haji akainamisha kichwa. "Lakini kosa lake halifanyi sauti yake kuwa yako. Sasa hapo kwa kaseti hakuna wimbo yeye hayuko?"

Nilijua upo. Mpiga drams, mtu asiyejua lini anyamaze, akacheka. "Iko ile ya kungojea," akasema.

"Hiyo si wimbo," nikasema.

"Kwa nini si wimbo?" mama akauliza. "Mimi niko hapa karibu na uwanja, nimeisikia kuliko hizo zingine zote. Huyu alikuwa anachelewa kila siku." Kisha akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha Haji. "Sauti ni yake, gitaa ni yako. Mpe mtu wa redio gitaa. Maneno yameisha."

Kwa mama yangu maneno yakiisha yameisha. Nilikwenda nikakaa ndani ya lori la baba, juani, nikaitia kaseti ile nikitafuta sababu ya kumkatalia. Besi ilianza peke yake. Jenereta ilisikika, punda alilia, na mtu wa Kinna alitutukana kwa Kiborana kwa sababu wimbo haukuwa na maneno. Drams zikaingia. Kisha solo, ikipanda polepole, na sisi tukivuta, tukiongeza kipande hiki na kile, tukitazamana kuona kama jamaa ametokea, hajatokea, ongeza tena. Yule aliyetukana akaacha kutukana, akaanza kupiga makofi. Sikuwahi kuusikiliza kabla, maana kila mara nilikuwa nikiupiga nimekasirika. Wimbo ule ulikuwa sisi watupu. Katika "Kizuizi" tulimbeba yeye. Katika huu tulisimama wenyewe, tukashika uwanja kwa mikono mitupu. Mama alikuwa amesema kweli, na hilo lilinikasirisha kuliko yote.

Mwishoni kabisa, kabla "Kizuizi" haujaanza, alifika. Unasikia watu wakipiga kelele, kipaza sauti kikilia, kisha yeye, mwenye raha zake, bila hata kuhema: "Salaam aleikum, Kinna." Nikaisimamisha kaseti, nikacheka peke yangu mle ndani.

Mtu wa redio alipopita nilimpa wimbo wa kungojea. Nikamwonyesha pa kuanzia, nikamwambia asikate hadi salaam ile ipite. Akauliza kwa nini, nikamwambia ndivyo wimbo unavyokwisha. Nilitaka Kenya nzima isikie jinsi alivyochelewa. Tena nilitaka Haji aisikie sauti yake redioni na akose pa kushika, kwa sababu salaam si dhambi, salaam ni dua. Angelalamika kwa nani? Nilijiona mjanja sana.

Kipindi kilipita jioni moja baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa katika hoteli ya chai mkabala na duka langu, redio ikitumia betri niliyoichaji mwenyewe. Hoteli ilijaa, maana habari zilikuwa zimeenea. Haji alikuwa akitoka msikitini. Alisimama nje ya mlango, karibu kiasi cha kusikia na mbali kiasi cha kukana.

Mtangazaji alisema bendi ya Isiolo, na besi yangu ikaanza. Nilidhani watalalamika kwamba si "Kizuizi". Mzee mmoja wa mnadani akapiga meza. "Si hii ndio ile ya kungojea! Wallahi hawa watu walitungojesha." Na hoteli nzima ikaanza kupiga makofi pale pale tulipopigiwa makofi Kinna, vikombe vikirukaruka mezani. Nilitazama ndani ya chai yangu, macho yakiniuma, nikiwa na hasira na kila mtu aliyenitazama.

Ndipo salaam ikaja. Sauti ya kijana, sauti ya kung'oa mabati, ikatoka kwenye redio ile ndogo: "Salaam aleikum, Kinna."

"Waaleikum salaam," hoteli ikajibu, wote kwa pamoja, kama watu waliofundishwa hivyo tangu hawajajua kutembea. Na mimi nikajibu. Mdomo ulitoa jibu kabla sijaukataza, tena kwa sauti kubwa.

Yule mzee wa mnadani akaanza kucheka. "Leo umemjibu," akasema, na habari ikapita meza hadi meza.

Haji alikuwa amesikia. Aliingia, akasimama mbele yangu na ile kanzu yake, uso umelainika. Nilimwona anataka kuzungumza mambo mengi, akachagua dogo.

"Salaam aleikum," akaniambia.

Nikapuliza chai yangu. Yule wa Kinna nilikuwa nimeshamjibu. Huyu niliwaachia malaika.