Kipimo cha Goti

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Goti, na yeye aliitika bila kinyongo, maana jina hilo lilitokana na kazi yake, na kazi ndiyo iliyokuwa fahari yake. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mtengenezaji wa trela: za kubebea maji, za mifugo, za mbao, na siku hizi hata zile za kulala, vijumba vya magurudumu mawili ambavyo mtu huvifunga nyuma ya gari akaenda navyo anakotaka.

Sasa trela, hata iwe nzuri vipi, inategemea kitu kimoja ambacho wengi hawakitazami. Nyuma ya gari kuna gololi ya chuma, na mbele ya trela kuna kikombe kinachokaa juu ya gololi hiyo. Vikilingana kimo, trela hulala sawa na barabara, ikafuata gari kwa adabu zake zote. Gololi ikiwa juu mno, trela huinua pua, uzito hukimbilia nyuma, na ukiongeza mwendo inaanza kutikisa mkia. Ikishaanza hivyo, dereva hana lake.

Goti alipima kimo hicho kwa goti. Alisimama kando ya gari, mguu wa kulia umenyooka, na gololi ilipofika chini kidogo ya pia ya goti, penye kovu la moto la ujana wake, basi ndipo hapo. Haongezi wala hapunguzi. Mtindo huo ulianza siku alipoibiwa futi yake akiwa fundi mchanga, na mteja amekaa anasubiri. Alitumia goti kwa kuwa hakuwa na kingine, kazi ikakubali, na tangu hapo hakushika futi tena. Vikombe vya trela zake vilitoka kwenye goti hilo, gololi alizofunga zilitoka kwenye goti hilo, na vyote vilipatana. Tusimnyime haki yake: kwa miaka thelathini na ushee hakuna mteja aliyerudi kulalamika.

Ila sifa zilimwingia kichwani, na huko hazikutoka. Akawa mtu asiyeambiwa. Kumwambia Goti "hebu pima tena" kulikuwa sawa na kumtukania mama yake mbele za watu. Aliyelijua hilo kuliko wote ni bintiye, mtoto wake wa pekee, ambaye kati ya kazi zote za duniani alikwenda kusomea upimaji wa viwanja.

Miaka sita nyuma, binti akiwa na mimba kubwa, alisimama karakanani mbele ya wateja watatu akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Baba, nguzo ya geti imelala. Kidogo tu." Akatoa kifaa chake akaonyesha. Nguzo ilikuwa imelala kweli, na wateja wakacheka, tena si kwa ubaya. Goti hakujibu neno. Alinyamaza siku hiyo, akanyamaza wiki, akanyamaza miezi mitano. Mjukuu alizaliwa, akapelekwa nyumbani, akaanza kucheka na watu, ndipo babu mtu akaenda kumwona. Mkewe alimsema mpaka akachoka. Hatimaye yaliisha, kwa maana ya kwamba hakuna aliyeyazungumza tena. Nguzo bado imelala mpaka leo.

Sasa tuje kwenye Jumatatu ya mkasa wenyewe. Kazini kwake binti walikuwa wamempa gari jingine, na gari hilo halikuwa na gololi. Trela ya kulala alikuwa nayo tayari. Baba yake ndiye aliyemtengenezea, kitanda cha kukunja, meza ndogo, tangi la maji kule nyuma, kwa sababu kazi ya upimaji humlaza mtu porini wiki nzima. Safari hii alikuwa anakwenda na mtoto. Shule zilikuwa zimefungwa, na mumewe alikuwa mbali kikazi.

Alikuja tangu Jumamosi, na akaja na zawadi. Mwezi uliotangulia kipande cha chuma cha moto kilikuwa kimemwangukia Goti mguuni, na Goti huyo kazini huvaa ndala, tena zilizolika mpaka kisigino kinagusa chini. Binti alimletea buti za kazi, ngozi ngumu, soli nene, kisigino cha haja.

"Baba, hizo ndala zitakutoa roho," alisema.

"Ndala hizi zimekulea wewe," Goti akajibu, lakini alizivaa buti palepale, akatembea nazo mtaa mzima. Alipofika kwa jirani yake, fundi wa matairi, alipandisha mguu juu ya rimu ya lori ili zionekane vizuri. Alifurahi, hilo halina ubishi. Jumatatu asubuhi akazivaa tena kufungia gololi ya bintiye.

Nyuma ya gari alifunga bamba lenye safu ya matundu, ambalo gololi hupandishwa au kushushwa juu yake kwa bolti mbili. Alisimama, akanyoosha mguu, akatazama kovu chini ya suruali aliyoikunja, akaipandisha gololi mpaka ikafika penye kovu. Akakaza. Binti alikuwa amesimama kando na futi kamba ikining'inia kiunoni, kama kawaida yake. Mkono wake uliigusa futi ile.

Goti aliuona mkono. "Unataka kunipima mimi?" aliuliza, huku anacheka. Mdomo ndio uliocheka, macho hayakucheka.

"Hapana, Baba. Wewe ndiye fundi."

Walifunga trela. Binti aliizunguka, akasimama ubavuni mwake kitambo, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Goti hakuwa na desturi ya kutazama kazi yake mara ya pili, kwa hiyo alikuwa ameshaanza kukusanya spana. Mtoto alipunga mkono dirishani. Binti akasema asante, akamuaga mama yake, wakaondoka.

Saa tano hivi jua lilianza kuchoma na miguu ya Goti ikaanza kuwaka ndani ya buti. Alizivua, akatia miguu kwenye ndala zake, akashusha pumzi. Kisha akapita kando ya trela ya maji aliyoitengeneza zamani, iliyoletwa kubadilishwa tairi. Mguu wake ulisimama karibu na kikombe chake kwa mazoea tu. Kikombe kilikuwa penye kovu barabara, kama alivyokiweka.

Sijui ni nini kilichomtuma, lakini aliziangalia buti pale zilipolala. Alizivaa tena, akarudi, akasimama palepale. Kikombe kilikuwa kimeshuka chini ya kovu vidole vitatu vizima.

Alivua buti, akavaa ndala, akapima. Akavaa buti, akapima. Mara tatu alifanya hivyo, mtu ambaye hajawahi kupima mara mbili maishani mwake, na kila mara goti lilimpa jibu lilelile. Gololi ya bintiye ilikuwa juu kwa vidole vitatu, na tangi la maji lilikuwa nyuma, limejaa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyelijaza.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mkewe alitoka jikoni akimsikia anaongea peke yake.

"Unampigia nani?"

"Mtoto. Hapokei."

"Si anaendesha? Wewe ndiye uliyemwambia akiendesha asishike simu. Ulimwapisha siku aliyopata leseni." Kisha akamtazama vizuri. "Kuna nini?"

Goti alitaka kusema hakuna kitu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, alilizoea. Lakini aliketi juu ya tairi.

"Nimekosea," alisema.

Mkewe alikuwa ameishi naye miaka thelathini na saba na hakuwahi kulisikia neno hilo kwake. Wala hakuuliza amekosea nini. Aliondoka mbio kumwita fundi wa matairi, mwenye pikapu.

Fundi wa matairi ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alipomwona jirani yake alikunja maneno yake yote akayaweka mfukoni. Walikwenda. Barabara ile hunyooka kwanza, halafu inaanza kuteremka taratibu, na kwenye mteremko ndiko madereva hujisahau. Goti alilijua hilo. Kila gari lililokuja mbele yao alilitazama dereva usoni, akitafuta kama ameona jambo huko atokako. Kila walipokata kona aliomba kimoyomoyo, tena kwa aibu, maana alikuwa anaomba aokolewe na kazi ya mikono yake. Alijaribu kukumbuka kama mtoto alikuwa amefungwa mkanda. Aliukumbuka mkono wake mdogo dirishani tu.

"Yule binti ni dereva mzuri," fundi wa matairi alisema mara moja.

Waliwakuta chini ya mteremko. Gari lilikuwa limesimama kando ya barabara, zima. Trela ilikuwa nyuma yake hatua kumi, imefunguliwa, magurudumu yamewekewa mawe, ubavu mmoja umebonyea ndani na dirisha halipo. Nguzo ya zege ya pembeni mwa barabara ilikuwa imekatika. Bintiye alikuwa amekaa juu ya boksi la vyombo vyake, mkono wa kushoto ameufunga kwa kanga. Mjukuu alikuwa anaokota vioo vya dirisha na kuvipanga kwa ukubwa.

Goti alishuka pikapu haijasimama vizuri. Akawaendea.

"Shikamoo, Baba," binti alisema, akainuka. "Ni mkono tu. Umeteguka. Tuko salama."

Goti alimshika mtoto kichwani, mabegani, mikononi, akimhesabu viungo. Mtoto akamwacha afanye hivyo, kisha akasema kwa furaha ya mwenye habari kubwa, "Babu, nyumba ilicheza! Ilikwenda huku, ikaenda huku, halafu pwaa! Lakini mama kasema wewe usiambiwe."

Binti alisema, "Shh."

"Nisiambiwe nini?" Goti aliuliza.

Fundi wa matairi alikumbuka ghafla kwamba anapaswa kwenda kutazama tairi za pikapu yake, akaondoka. Goti alimgeukia bintiye, na sasa aliuliza polepole. "Nisiambiwe nini, mwanangu?"

"Kwamba imepanda juu." Binti alikuwa anatazama chini. "Niliona tangu nyumbani. Pua ilikuwa juu. Nikasema nitakwenda mwendo mdogo, nikifika mbele nitaishusha mwenyewe, nawe hutajua. Nilikuwa natafuta pahali pa tambarare. Mteremko ukanikuta kwanza."

"Uliona."

"Niliona, Baba."

"Na mtoto yumo ndani."

Hapo binti alianza kulia, naye hakuwa mtu wa kulia ovyo. "Mara ya mwisho nilipokuambia kitu, hukunisemesha miezi mitano. Nilijifungua hukuja. Nilikuwa naulizwa hospitalini, babu yake yuko wapi, nasema anaumwa." Alijifuta kwa kanga ya mkononi. "Ulikuwa umefurahi na zile buti. Sikutaka ukasirike tena. Basi."

Njia nzima Goti alikuwa ameogopa gololi. Alikuwa amejiandaa kusema buti ndizo zilizomponza, na kweli buti zilikuwa na sehemu yao. Sasa hakuweza hata kuzitaja. Gololi ilikuwa juu vidole vitatu, na bintiye, anayelipwa kwa kuona upungufu wa upana wa ukucha, aliona ni afadhali kuteremka mlima na mwanawe nyuma kuliko kumwambia baba yake neno moja. Aliona haya mpaka masikio yakamwuma. Akatamani angepigwa na mtu.

Alirudi kwenye pikapu akachukua spana. Alipiga magoti nyuma ya gari, kwenye changarawe, akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Nipe hiyo futi."

Binti akampa. Goti aliishika mwisho wake, akaukandamiza chini kwa kidole gumba. "Mimi nashika huku. Wewe soma."

"Kikombe cha trela ni sentimita arobaini na tatu," binti alisema. "Nilishakipima, ikiwa imelala sawa." Akavuta utepe kwa mkono ulio mzima mpaka juu ya gololi. "Hii ni arobaini na nane."

Goti alilegeza bolti mbili, akashusha gololi tundu moja, akazirudisha kwa vidole. Jasho lilimwingia machoni. "Sasa?"

Binti alisoma namba. Kisha alimtazama baba yake usoni, haraka, jinsi alivyozoea kumtazama tangu utotoni kabla ya kusema jambo lolote.

"Bado, Baba," alisema kwa sauti ndogo.

"Sikusikia. Sema kwa nguvu."

"Bado!"

Goti akalegeza bolti, akaishusha tena.