Mjuzi wa Lenzi Mabatini

Juzi nilikuwa kwenye duka moja la kamera pale Mabatini nikisubiri picha zangu za pasipoti. Akaingia mama mmoja, mpiga picha za harusi kutoka Nansio, akitaka lenzi isiyovuta, ile ambayo ukitaka mtu aonekane karibu, unamsogelea mwenyewe. Muuzaji akamwekea mbili: ya zamani, ya chuma, inayozungushwa kwa mkono hadi picha iwe wazi, na mpya inayojirekebisha yenyewe.

Bwana mmoja mwenye kamera kubwa kifuani akadakia, bila hata shikamoo.

"Mama, hiyo ya zamani ni takataka. Chukua mpya."

"Umewahi kuitumia?"

"Ya nini?"

Mama akaifunga ile ya zamani kwenye kamera yake mwenyewe, akampa yule bwana. "Hebu nipige."

Bwana akabonyeza, akabonyeza tena. Picha zote zikatoka ukungu mtupu. Mama akaichukua, akazungusha lenzi taratibu kwa vidole viwili, akampiga yeye. Kwenye kioo ukaonekana hata uzi uliochomoka kwenye kola yake.

"Hii ni nzima kabisa," mama akamwambia muuzaji, "ila macho yangu yameanza kuchoka. Jumamosi nina harusi, na bibi harusi hataingia kanisani mara mbili kwa ajili yangu. Nipe mpya."

Bwana akatugeukia, kifua mbele. "Si nilimwambia!"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa aina hii hawajifunzi. Wakibahatisha jibu, wanadhani wamesoma.