Poka Ndogo na Safari ya Kuzunguka Ziwa

Siku moja ya mvua ya mawe naikumbuka vizuri kuliko siku yangu ya harusi, mwanangu, na mama yako akisikia hivyo atanuna wiki nzima. Keti hapo. Mgongo wangu leo hautaki kiti, kwa hiyo nitasema nikiwa nimejinyoosha hivi hivi, na ukiona nimefumba macho usidhani usingizi umenichukua. Juzi uliniambia unaweka akiba ili uache kazi ya ofisi ukatembee dunia, na kwamba jioni mnacheza poka na wenzako kwa vijisenti tu, kujiburudisha. Nilicheka, ukakasirika. Sikukucheka wewe.

Nilikuja Kericho kutoka Maragoli nikiwa kijana, ndevu bado zinabahatisha kuota. Mashamba ya chai yalikuwa machanga wakati ule, na sehemu nyingine michai ilikuwa imenifika magotini tu. Tulifanya kazi kwa tikiti. Kila siku uliyomaliza mistari yako karani alikuwekea alama, na alama zikifika thelathini ndipo unalipwa. Shingoni tulivaa kipande, ile karatasi ya kitambulisho, ndani ya kikopo chake cha bati, na huwezi kuacha kazi uende zako mpaka bwana shamba, yule mzungu mkubwa wa shamba, atie sahihi kwenye hicho kipande. Ukiondoka bila sahihi, wewe ni mtoro, na askari watakufuata hadi jikoni kwa mama yako.

Chumbani kwangu kambini nilikaa na Okoth, kijana wa kutoka kando ya ziwa. Alikuwa mrefu, tena mtu wa kucheka kabla hajamaliza kusema jambo lenyewe la kuchekesha. Okoth alikuwa na neno moja kila siku. "Mimi nimezaliwa upande hii ya ziwa," alikuwa akisema. "Tangu mtoto naangalia maji inaenda tu mpaka macho inachoka. Nataka kujua nani anakaa upande ile ingine." Alitaka tuache kazi, tushuke Kisumu, tupande meli mpaka Uganda, halafu twende polepole kwa Bukoba, kwa Mwanza, kwa Musoma, mpaka turudi Kisumu tukitokea upande wa pili. Hakutafuta kazi huko wala biashara. Alitaka kuona tu, basi.

Watu kambini walisema ana kichaa kidogo. Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Kwetu nilikuwa nimesikia habari za shamba na za ng'ombe wa mahari tu, na sikuwahi kumsikia mtu akisema anataka kwenda mahali kwa ajili ya kwenda. Nilimwambia tutakwenda pamoja. Tukaanza kuweka akiba, na kwa kuwa yeye pesa zilimwasha mfukoni, mimi ndiye niliyezitunza.

Sasa, hiyo poka. Nyumba ya bwana shamba ilikuwa na mpishi aitwaye Mzee Zakayo, mtu wa kwetu Maragoli. Alikuwa amejifunza mchezo huo kwa kusimama nyuma ya viti vya wazungu na sinia mkononi, miaka nenda miaka rudi. Walipotupa karata zao kuukuu, yeye aliziokota. Moja ilikuwa imepotea, akakata nyingine kwenye boksi la biskuti, kwa hiyo aliyekuwa na karata ile sote tulimjua kwa mgongo wa karata yenyewe. Tulicheza hivyo hivyo, hakuna aliyelalamika. Tulichezea upenuni nyuma ya jiko lake, Jumapili baada ya kanisa, na alasiri zile mvua inapotufukuza shambani.

Okoth na mimi tuliapa kutogusa akiba, na wengine pale hawakuwa na pesa za kuchezea. Kwa hiyo tulicheza mistari. Kokoto moja ilikuwa mstari mmoja wa kupalilia. Ukishindwa, kesho yake unamaliza mistari yako, kisha unaingia katika ya aliyekushinda. Mnyapara hakujali ni jembe la nani lililopita, mradi magugu yametoka.

Nilikuwa hodari, mwanangu, nisikufiche. Sikuwa na akili kuliko wengine, ila niliweza kungoja. Wenzangu walipopata karata mbovu walizing'ang'ania kwa matumaini. Mimi nilizitupa. Nilitupa na kutupa, na siku nikibaki mchezoni walijua nina kitu. Nikiulizwa kama naongeza, nilisema bado, na wakanipa jina, Bwana Bado. Shambani nilikuwa mmoja wa mamia, mnyapara ananiita "wewe". Upenuni kwa Zakayo nikifika watu walisogea nipate pa kukaa. Utamu ule sikuwahi kuuonja mahali pengine, na ulikuwa haunigharimu chochote, au ndivyo nilivyoona.

Okoth alicheza vibaya sana. Aliongeza kokoto kwa karata yoyote aliyopata, kisha kesho yake unamkuta kwenye mistari yangu, anapalilia huku anaimba nyimbo za kwao.

Akiba ikafika mahali pa kutosha. Okoth akasema, "Ndugu, imetosha. Twende." Nikamwambia bado, tuongeze ya blanketi, ziwani usiku ni baridi. Tukaongeza. Akasema twende. Nikasema bado, na mmoja wetu akiugua huko? Tukaongeza ya ugonjwa. Kisha ikawa ya viatu, kisha ya kodi, tusije tukakamatwa. Kila nililosema lilikuwa la maana, na yeye, mtu mwenye moyo mwema, alikubali kila mara. Tikiti zikajaa, zikaanza nyingine.

Ndipo ikaja ile siku. Mawe yalinyesha mpaka michai ikabaki vijiti na njia zikawa nyeupe. Hakukuwa na jani la kuchuma, mnyapara akatufukuza turudi kambini. Upenuni tukabaki watatu, mimi, Okoth na Mzee Zakayo. Okoth akazisukuma kokoto zote pembeni.

"Leo hapana mistari," akasema. "Nikishinda mimi, Jumamosi tunaomba sahihi, tunaenda. Ukishinda wewe, nitangoja mpaka useme mwenyewe. Sitakuuliza tena."

Nikakubali. Zakayo akagawa karata. Nilipozifungua taratibu nikakuta wafalme watatu. Tangu nijue mchezo ule sikuwahi kushika wafalme watatu. Uso nikaukaza. Okoth alikuwa haangalii karata zake, ananiangalia mimi. Mwanangu, ningeweza kuzitupa. Kutupa karata ndiyo ilikuwa kazi yangu, hakuna mtu kambi nzima aliyejua kutupa kama mimi. Lakini wakati ule ziwa halikuwamo kichwani, wala meli, wala Jumamosi. Nilikuwa naona wafalme tu. Nikawalaza chini mmoja mmoja, nikacheka kwa sauti.

Okoth alikuwa na saba mbili. Akazitazama, akanitazama, akasema, "Umeshinda, ndugu yangu." Akaondoka akitembea juu ya mawe yale ya barafu.

Zakayo akaanza kukusanya karata. Nilingoja anisifu.

"Wewe kijana," akasema, "mimi nimesimama nyuma ya watu wakicheza hii mchezo siku mingi. Iko mtu anacheza apate pesa. Iko mtu anacheza asahau bibi yake. Wewe sijapata kuona. Wewe unacheza usiende mahali."

"Nimeshinda kwa haki, mzee."

"Ndiyo, umeshinda. Lakini kama unaogopa kwenda, mwambie huyu mtoto wa watu. Anakungoja bure, na mistari yako anapalilia."

Nikamjibu maneno ambayo kijana hamjibu mzee. Nilimwambia arudi kwenye sufuria zake. Akaingia ndani, nikabaki peke yangu na baridi.

Okoth alitimiza ahadi yake, na hilo ndilo lililonichosha kuliko lolote. Hakuuliza tena. Upenuni hakuja tena. Alifanya kazi, akala, akalala, na kila tulipolipwa alinitazama kidogo, kisha akatazama kwingine. Nikajiambia amezoea. Halafu asubuhi moja, siku ya malipo yake, nikamkuta chumbani amekunja blanketi. Kipande chake kilikuwa kimeshatiwa sahihi.

"Nilisema nitangoja mpaka useme," akaniambia. "Nimeona hutasema."

Nikampa fungu lake, hakulihesabu. Kisha akasimama mlangoni. Alisimama muda mrefu, akifunga na kufungua kamba ya blanketi. Nilijua anangoja nini. Tikiti yangu ilikuwa imebaki siku chache ijae, na kama ningemwambia aningoje nimalize, angeketi papo hapo. Sikusema. Akanishika mkono, akaenda. Alasiri ile nilikwenda upenuni nikacheza, nikashinda, na niliporudi chumbani nilijifunika blanketi uso mzima nikalia.

Fungu langu halikupotea. Nilioa nalo, nikaezeka nyumba. Simjutii mama yako, wala wewe na ndugu zako, elewa hilo. Huko shambani nikapanda cheo mpaka nikawa mnyapara.

Baada ya miaka mingi Okoth alipita Kericho akirudi kwao. Alikuwa amekonda, meno mawili hayapo, na Kiswahili chake kimekuwa cha watu wa Bukoba. Aliketi kwangu akasimulia. Aliona Jinja mahali mto unaporuka kutoka ziwani kwa kelele. Aliugua Bukoba, bibi mmoja mzee akamlisha ndizi mpaka akapona, naye hakuwa hata wa kabila lake. Mwanza walimfunga kwa kukosa karatasi za ruhusa, akatoka, akakaa huko akivua samaki na watu wanaocheka kama yeye. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Alipochoka kusema akanigeukia kwa furaha kabisa.

"Na wewe, ndugu? Hii miaka yote, niambie."

Nikafungua mdomo. Nikamwambia nimekuwa mnyapara. Nikamwambia unga wa posho umepanda bei. Nikatafuta neno la tatu, mwanangu, nikatafuta, na yeye akangoja kwa adabu, mikono juu ya magoti, kama alivyojua kuningoja siku zote. Nikainuka nikaenda jikoni kumwambia mama yako alete chai, na chai ilikuwa tayari iko mezani.

Basi sikukatazi poka. Cheza, ucheke na wenzako. Ila jichunguze siku utakapoona mchezo mdogo unakutosha na safari imekuwa hadithi ya kusimulia mezani. Akiba ikitosha, nenda, hata kama moyo haujatulia. Hautatulia. Na kama unaogopa, sema unaogopa. Mimi niliogopa kwenda mahali ambapo hakuna anayenijua jina, na imenichukua mpaka uzee huu kulisema hilo kwa sauti. Kama kuna mtu anakungoja, mwambie ukweli mapema, asikupe siku zake bure. Hilo la mwisho ndilo linaniamsha usiku, kuliko hata ziwa.

Mungu akutangulie njiani, akupe watu wema mahali usikojulikana, akurudishe ukiwa na mengi ya kusema. Ukinikuta, nitakusikiliza hata nikiwa nimefumba macho. Usiponikuta, keti na mama yako umsimulie yote, maana na yeye hajawahi kwenda mahali.