Shikamoo ya Makumbusho

Juzi mwanangu aliingia chumbani kwa Bibi yangu, kule Pickering, karibu na Toronto, akamwamkia, akasimama kusubiri. Bibi hasemi tena tangu apate kiharusi. Nikakumbuka mchana mmoja wa India, nilipokuwa mdogo.

Wiki nzima Bibi alikuwa akinizungusha kwa wazee wa ukoo wake. Mimi, mtoto wa Toronto, niliwaamkia wote kwa Kiswahili alichonifundisha yeye, Mhindi mzaliwa wa Tanga. Hawakukielewa, kwa hiyo Bibi aliitikia kwa niaba yao.

Mchana huo tuliingia jumba la makumbusho lililonukia naftalini kama kabati la Bibi. Feni zililalamika juu ya mifupa ya nyangumi. Mbele ya picha za wafalme tukamkuta maiti wa kale kutoka Misri, amelala ndani ya sanduku la kioo. Nilidhani naye ni wa kwetu, mzee kuliko wote.

“Shikamoo,” nikasema.

Watu walicheka. Bibi hakucheka.

“Marahaba, mjukuu wangu,” aliitikia, kwa sauti nzito ya kizee.

Leo najua yule hakuwa babu yetu. Lakini juzi, mwanangu alipokuwa akisubiri, nilimshika Bibi mkono nikaitikia kwa niaba yake. Akanibana vidole.