Gari la Marehemu Linakuja Nyumbani

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na tatu, nina watoto wanne, naishi upande wa Nyabiondo. Nimeomba ukurasa huu ufiche jina langu, maana atakayenitambua ndiye huyohuyo ninayemwogopa. Na msinitukane kabla hamjafika mwisho. Najitukana mwenyewe kila siku, inatosha.

Miaka miwili baada ya uhuru, mume wangu aliuza ng'ombe tuliowapata kwa maharagwe yetu wenyewe, akaenda Goma kuagiza kamioneti mpya, gari dogo la mizigo, kwa Mzungu mmoja muuza magari. Alilipa yote. Akaonyeshwa picha ya gari, akaambiwa arudi baada ya miezi minne. Ndugu zake hakuwaambia. Aliniambia, "Mama, tusiseme. Tukisema mbele, bantu bote batakuwa tayari bamepanda ndani."

Miezi minne ikapita, hakuna gari. Mume wangu hakuwa mtu wa kalamu, na mimi nilisoma kwa masista mpaka darasa la sita, kwa hiyo barua za kudai niliziandika mimi na kutia jina lake chini. Yeye alikaa kando yangu akisema, "Weka nguvu kidogo, Mama, asituone batoto." Majibu yalikuja. Kwanza gari lilikuwa bado Mombasa. Kisha likawa Kampala. Kisha lililofika lilichukuliwa na serikali, tungoje lingine. Halafu vita vikafunga barabara. Mwaka wa pili mume wangu alishikwa na homa, na kwa siku tano akawa amekwenda. Siku ya tatu alikuwa bado ananiuliza kama posta imeleta kitu.

Kwetu, matanga yakiisha, ukoo unakaa na kutaja kila alichoacha marehemu, hata jembe lililovunjika mpini. Mdogo wake anarithi vitu, na mjane anakwenda pamoja na vitu hivyo. Nilikaa kwenye mkeka, baba mkwe akaniuliza mbele ya wote: "Mama, kuko kitu ingine mutoto wangu aliacha? Sema sasa. Kitu ya maiti yenye kufichwa inakulaka batoto."

Nikajibu, "Hapana, Papa. Njo byote, hakuna ingine."

Nilidanganya kwa sababu sikutaka kurithiwa. Kaka yangu aliendesha lori la shamba la Wazungu miaka mingi. Nilifikiri, gari likifika ataliendesha yeye, tupeleke maharagwe na mihogo Goma, turudi na mawese kutoka Walikale, na hakuna atakayeniambia kwamba bila mwanaume watoto wangu watalala njaa. Huyo mdogo wake, shemeji yangu, ana wake wawili tayari. Aliposema atanichukua, nilimwomba angoje mtoto wangu wa mwisho aache kunyonya. Akakubali. Na linaloniuma ni kwamba si mtu mbaya. Amenipalilia maharagwe misimu miwili na paa langu amelifunika upya, wala hajanigusa. Angekuwa mkorofi ningemdanganya na kulala vizuri.

Basi nikaendelea kumwandikia Mzungu kwa jina la marehemu. Niliogopa kwamba nikimwambia ukweli ataita ndugu wa kiume aje kutia sahihi. Mbona sahihi aliyo nayo ni yangu tangu mwanzo! Hata nilimgombeza: "Bwana, mimi ni mtu mzima, usinichezee." Niliandika hayo nikiwa nimevaa nguo nyeusi za kilio.

Tangu mwezi jana mtoto wangu wa mwisho ana homa inayokwenda na kurudi. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa. Nimempeleka dispanseri, muuguzi amesema ni malaria, na dawa anazimeza. Lakini kila nikimshika paji la uso nasikia yale maneno ya baba mkwe.

Wiki iliyopita shemeji alikuja, akakaa mlangoni. "Shemeji, mutoto ameacha ziwa sasa. Mwezi yenye kuja njo mwisho ya kungoja." Akaniangalia. "Mbona unaniogopa? Mimi iko nyama ya pori yenye kukula bantu?" Nilicheka.

Siku mbili baadaye barua ikafika kutoka Goma. Gari limefika. Na kwa kuwa amenichelewesha mno, yaani amemchelewesha mume wangu, Mzungu anaona haya, kwa hiyo atalileta mwenyewe mpaka nyumbani mwanzo wa mwezi ujao. Njia haijui, anasema, lakini ataulizia kila kilima mpaka afike. Fikirini tu! Mzungu ndani ya gari jipya, anapita anauliza watu wote nyumba ya marehemu iko wapi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, najua. Nikiungama kwa ukoo, nitakuwa mwizi wa mali ya maiti, na mjane mwizi anarudishwa kwao bila watoto, maana watoto ni wa ukoo wa baba. Nikimwandikia Mzungu ukweli, huenda akamkabidhi shemeji gari hilohilo. Nikinyamaza, linakuja lenyewe. Kaka yangu anasema nimtume akalipokee njiani, ajifanye mume wangu, asafiri nalo hadi Walikale nami nimfuate na watoto. Kuwachukua watoto wanne, mmoja na homa, kutoka kilima cha baba yao kama mtu anayeiba mbuzi? Siwezi kusema naweza, na siwezi kusema siwezi.

Karatasi iko mbele yangu, nimeandika tarehe tu. Mwisho wa barua yake Mzungu ameuliza jambo moja: "Je, Bwana, siku hiyo utakuwa nyumbani? Baada ya barua zote hizi ningependa tushikane mikono."

Nishaurini, ndugu zangu. Nimjibu nini?