Kava Inabaki

Nilikuwa kwa fundi wa redio hapa Kakuma, simu yangu ikichajiwa, mama mmoja muuza samaki akaingia amebeba redio ya kaseti iliyojaa vumbi.

“Ejok, mama. Nikuwekee bluetooth?” fundi akamsalimu kwa Kiturkana na kumuuliza. “Kaseti ni mambo ya kitambo.”

“Bluetooth niko nayo nyumbani. Tengeneza ya kaseti,” akajibu, huku akitoa kaseti na kuirudisha kanda yake nyuma kwa kalamu ya biki. “Tangu nianze nyimbo za simu, hakuna mtu amekuja kwangu kuazima wimbo.”

Redio ilipoitika, dereva mmoja Msomali, ambaye lori lake bado lina mdomo wa kaseti, akaanza kutikisa kichwa. Akaiomba kaseti hadi arudi kutoka Lodwar. Mama akampa bila kusita, lakini kava yake akaitia kikapuni mwake.

“Hii inabaki. Ukirudisha kaseti utakuja kwangu, utakunywa chai, ndio nikupe ingine.”

Dereva akaweka mkono kifuani, akauliza nyumba iko wapi.

Nikaitazama simu yangu. Ina nyimbo nyingi kuliko mbuzi wa wafugaji wa kule Lopur, na hakuna hata wimbo mmoja uliowahi kuniletea mgeni.